Mtani Aliyeruka Sura ya Kwanza

Jina lake nalijua. Nililiona kwenye kitambulisho siku tulipokwenda Dar kufanya mtihani, lakini mdomoni mwangu halikai. Yeye Mzaramo wa Masaki, upande wa Kisarawe, mimi binti wa Kinyamwezi niliyeletwa Kibaha na kazi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu. Kwa hiyo alikuwa mtani wangu, basi. Wenzangu darasani walimwita Mwalimu, jina ambalo lilimkera mno. Siku niliyoingia nilimwamkia shikamoo, maana kwa umri ni baba yangu mdogo. Akaitikia marahaba, akaniuliza kabila, nikamwambia. Akaweka kikombe cha chai chini, akalitangazia darasa zima kwamba mpagazi wake aliyepotea siku nyingi amerudi, mtu anipishe nitue mzigo. Nikamjibu kwamba nashangaa kumkuta Mzaramo amesimama wima wakati ngoma hailii. Watu walicheka, na kuanzia siku ile hatukuwahi kuzungumza kama watu wazima wenye akili zao.

Kwa asiyeujua utani huu, mambo yako hivi. Mtani anaruhusiwa. Anaweza kuchukua viatu vyako mlangoni akaondoka navyo, anaweza kukusema mbele ya wakwe zako, anaweza kufika msibani kwako akakuchekesha na machozi bado yako mashavuni, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna umeshindwa. Watu husema pia kwamba mtani ndiye pekee anayeweza kukwambia ukweli ambao ndugu zako wanauogopa. Hilo nami nililiamini, tena kwa muda mrefu.

Darasa lilikuwa Tumbi, chumba cha nyuma ya steshenari ya mama mmoja ambaye mbele aliuza madaftari na kutoa fotokopi. Kompyuta zilikuwa kuukuu, za maofisi yaliyokwisha kuzichoka, na Mtani ndiye aliyezifufua kwa kuziwekea Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao haununuliwi na ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua aone ulivyoundwa. Tulikuja jioni tukitoka kazini. Mimi nilikuwa mapokezi katika ofisi moja Maili Moja, wengine walikuwa walimu, wengine vijana waliomaliza chuo na kukaa tu nyumbani. Sote tulitaka kitu kimoja, cheti cha kwanza cha Linux, kile cha wanaoanza, kwa sababu matangazo ya kazi yalikuwa yameanza kukitaja.

Kila jioni Mtani alipofika alianza na jambo moja tu: alizunguka kila meza, akachomoa vipanya vyote vya kompyuta, akavitupia kwenye ndoo ya plastiki pale mlangoni. Vipanya vilishinda ndooni mpaka tunaondoka. Alisema mtu anayebofya-bofya ni kama mtoto anayenyoosha kidole kuomba maji, na kwamba mtu mzima anasema anachotaka. Kwa hiyo tulisema, yaani tuliandika, amri moja baada ya nyingine kwenye kioo cheusi, vidole vikigongana. Wiki za mwanzo nilimchukia. Niliota ile ndoo.

Na kabla hujaandika amri yoyote, alikuuliza uko wapi. Maana ndani ya kompyuta mtu unakuwa mahali, kwenye folda fulani, na usipojua ni ipi utafuta vya watu. Ipo amri fupi ya kukuonyesha ulipo, nasi tuliiandika mara nyingi mpaka ikawa kama kupiga hodi. Dada mmoja, mwalimu wa sekondari, aliwahi kufuta kazi yake yote ya muhula kwa kujidhania yuko kwingine. Alilia. Mtani hakumpa hata pole, alimuuliza tu, ulikuwa wapi? Dada wa watu akazidi kulia. Halafu yule yule Mtani akavuta stuli, akakaa naye wakati sisi tunaondoka, akamwokolea kile kilichookoleka, faili moja moja, bila neno. Kesho yake nilimwambia kwamba ana roho mbaya yenye mikono mizuri. Akasema hiyo ndiyo sifa ya kwanza kupewa na mpagazi.

Neno lake jingine lilikuwa “Umesoma?” Kompyuta ikikataa amri, inaandika kwa nini imekataa, na sisi tukiona Kiingereza chekundu tunamwita Mwalimu. Yeye anakuja, anasimama nyuma yako, haangalii kabisa kioo. Umesoma? Hujasoma. Basi soma kwa sauti. Unasoma kwa aibu, neno kwa neno, na mara nyingi katikati ya kusoma unajiona mjinga, kwa sababu imekwambia waziwazi kwamba umekosea jina la folda. Alituzoesha hivyo mpaka nikawa nasoma kila kitu. Hata pakiti ya chumvi siku hizi naisoma yote.

Sasa nieleze vituko vyake, maana hakuwa mtu wa kunyooka. Kibodi yake alitembea nayo. Aliifunga kwenye kanga kuukuu ya bi mkubwa wake, mama yake mzazi aliyekuwa akiishi naye Masaki, na haikuguswa na mtu. Ukiigusa anaifuta mbele yako kwa pembe ya kanga, taratibu, ili uone. Lakini kibodi hiyo tu. Vingine vyote alivigawa kama mtu anayetaka kuhama. Ukija na flashi, hata kama humjui, anakujazia: programu, vitabu, mazoezi aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Alikuwa na sharti moja. Ukipata, mgawie na mwenzako, na ukirekebisha kitu, usikifiche, kirudishe nami nikione. Kijana mmoja aliyachukua yale mazoezi, akayatengeneza vizuri, akaweka jina lake na kuyafunga kwa neno la siri. Mtani hakumgombeza. Aliacha tu kumwitikia salamu, msimu mzima wa mvua, mpaka yule kijana akaja na faili zikiwa wazi.

Alikunywa chai bila sukari na kudai sukari ni ya wageni. Aliwadharau wanaoangalizia mitihani, akasema mtu wa hivyo ni mwizi anayejiibia. Aliogopa simu, ikilia aliitazama kwanza kana kwamba imemtukana. Ya mama yake aliipokea kabla haijaita vizuri, na sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtoto, na maneno ya kwao Kizaramo yakaingia ambayo sisi hatukuyaelewa. Nilikuwa namcheka kwa hilo. Sasa silicheki.

Kitabu chetu cha maandalizi kilianza na sura inayoeleza historia ya mfumo wenyewe, jamii ya watu wanaoutengeneza, na leseni zake, yaani masharti ambayo mtu anapewa anapochukua programu ya mwingine. Hakuna cha kuandika humo kwenye kioo cheusi. Mtani aliiita sura ile Siasa. Watu wa umri wake walisoma shuleni somo la Siasa, wakakariri majibu na kuyaimba, na yeye alisema aliimba Siasa miaka yote na hakuona ikiwasha hata taa. Tukifika kwenye kitabu anafunua mpaka sura ya pili. Mwanafunzi akiuliza habari ya leseni, anajibiwa aende kwa wanasheria. Kila muhula alifanya hivyo, na kila muhula sisi waoga wa mitihani tuliisoma ile sura wenyewe nyumbani, kimyakimya.

Ndiyo, mtu aliyetuuliza umesoma, yeye mwenyewe hakusoma. Na kilichonichekesha ni kwamba nilipoisoma nilimkuta humo. Kulikuwa na leseni inayosema hivi: chukua, nakili, rekebisha utakavyo, lakini ukimpa mwingine umpe na uhuru huo huo uliopewa wewe, wala usifunge. Lilikuwa sharti lake la flashi, lile lile. Jioni yake nikamwambia, Mtani, umo kitabuni, sura ya kwanza yote inakuhusu wewe. Akaniambia nimeshaanza kusoma Siasa, mwisho wake nitagombea udiwani, na yeye kura yake hanipi. Watu wakacheka, tukaendelea na sura ya nne.

Uoga wake wa mitihani niliugundua polepole. Tukifanya majaribio ya darasani alikuwa hakai ndani. Alitoka mbele kumsaidia mama wa steshenari kupanga karatasi, kazi ambayo hakuwa na haja nayo. Siku moja umeme ulikatika, tukawa tumekaa tunasubiri, akatusimulia kidato cha nne. Matokeo yalibandikwa ubaoni shuleni, na mama yake akatembea kutoka Masaki kwenda kuyatazama kwa sababu mwanawe alimhakikishia kwamba amefaulu. Bi mkubwa hajui kusoma. Akaomba mtu amtafutie jina. Yule mtu akatafuta kwenye waliofaulu, hakuliona, akatafuta tena, halafu akamshika mkono bi mkubwa, akamsogeza kwenye ile karatasi nyingine. Mtani alisimulia kama kichekesho, akimwigiza yule mtu anavyotembeza kidole. Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, maana ndiyo kazi ya mtani.

Halafu mama wa steshenari akaanza kuulizwa na wazazi wanaoleta vijana: huyo mwalimu mwenyewe anacho hicho cheti? Hakuwa nacho. Alikuwa amefundisha wengi kukipata, na yeye hakuwahi kuufanya mtihani wake. Mama akamwambia kwa upole, mbele yangu, kwamba akachukue cheti, vinginevyo itabidi atafutwe mtu mwenye nacho, maana biashara ni biashara. Mtani akanigeukia, akasema vizuri, atakwenda na mpagazi wake ili apate wa kumbebea cheti wakati wa kurudi.

Tulikwenda Dar pamoja. Chumba cha mtihani kilikuwa na kiyoyozi kikali na kila mtu mbele ya kompyuta yake. Majibu ya mtihani ule unayachagua kwa kubofya. Nikamwona Mtani, meza ya pili kutoka kwangu, amekishika kipanya kwa mkono wa kuazima, na nusura nicheke kwa sauti. Mtihani ule ukimaliza hausubiri. Matokeo yanatokea hapo hapo. Yangu yalitokea, nimefaulu, nikatoka nje nikiwa na furaha ya kijinga, nikasimama kivulini nimsubiri nimtanie.

Alitoka akitabasamu. “Siasa, mpagazi,” akasema. “Siasa imeniua.”

Sura nyingine zote alikuwa amefanya vizuri, nyingine kunishinda. Sura ya kwanza alikuwa hana kitu, na jumla haikutosha. Tulikula chapati na maharage kwenye genge la jirani, na aliongea mambo mengi kuliko kawaida, kuhusu korosho, kuhusu bei ya dawa ya kupulizia. Mwishoni akaniomba nisiseme kwanza. Angerudia mwezi unaofuata, sura yenyewe ni moja, kuna nini. Nikakubali. Ningekataaje? Sikuona kosa lolote hapo, na hata leo silioni.

Kosa lilitokea Masaki. Bi mkubwa alikuwa amewaita majirani, amechinja kuku, amepika wali wa nazi, kwa sababu mwanawe kaenda Dar kwenye mtihani. Mtani alifika uani watu wamekaa kwenye mikeka. Mama yake, ambaye neno analolijua ni lile la shule, akamuuliza mbele ya wote kama amechaguliwa. Mtani akasema, nimechaguliwa, mama. Watu wakapiga vigelegele. Alinisimulia kesho yake kwa utani, akiigiza vigelegele, lakini alipomaliza mikono yake haikujua pa kukaa. Mimi nikamwambia haidhuru, mwezi ujao itakuwa kweli, bi mkubwa kaambiwa mapema tu.

Masaki na Tumbi si mbali kwa habari. Waendesha bodaboda wanaoleta mkaa waliifikisha, na mama wa steshenari akafurahi, akaandika kwa kalamu kubwa mlangoni kwamba hapa anafundisha mwalimu mwenye cheti. Mtani alipita chini ya maandishi yale kila jioni na kibodi yake kwapani. Wanafunzi waliongezeka. Mwezi unaofuata ulikuwa msimu wa korosho. Uliofuata, mtandao wa kujiandikishia ulisumbua. Uliofuata, macho yalimuuma.

Nikaamua kumfundisha mimi. Sura moja tu, jamani. Nilikuwa nabaki darasa likitoka, nafungua kile kitabu, namuuliza: Mtani, kuna tofauti gani kati ya leseni inayolazimisha mtu naye aache wazi na ile isiyolazimisha? Ananiambia tofauti ni kama ya Mnyamwezi mwenye mzigo na asiye na mzigo, wote wanatoka jasho. Nauliza tena. Anauliza kama kwetu tulikuwa tunavaa viatu. Nilikasirika mpaka nikarusha kalamu, naye akanionyesha kidole: umenuna, umeshindwa. Na mimi nikacheka, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, mtani akikuambia umenuna unacheka. Tukafunga kitabu. Ilikuwa hivyo jioni baada ya jioni. Kama ningekuwa mtu mwingine, shemeji yake au jirani yake, pengine angekaa akanisikiliza. Lakini mdomo wangu ukifunguka tu yeye anasikia mzaha, na wake ukifunguka mimi najiandaa kucheka. Nilimpenda yule mzee, na nilianza kumwogopea.

Baadaye bi mkubwa akaugua, na Mtani akaliacha darasa la Tumbi, akabaki Masaki moja kwa moja kumuuguza. Sasa huko kata ikapata chumba na kompyuta za msaada. Mtendaji wa kata akamfuata nyumbani, akamwambia hatuna haja ya kutafuta mtu nje wakati tunaye mtoto wa hapa mwenye cheti, utusimamie, tuletee tu nakala tuweke kwenye faili. Bi mkubwa alikuwa amelala kitandani, akasikia yote, na inasemekana alikaa siku ile akala. Mtani akamwambia mtendaji cheti kiko Tumbi. Baadaye kikawa kiko Dar. Aliniandikia ujumbe kwamba amejiandikisha tena, na safari hii amesoma Siasa yote, nimwombee hata kwa mizimu yangu ya Tabora. Siku ya mtihani bi mkubwa alizidiwa. Hakwenda. Baada ya hapo jumbe zake zikawa fupi, utani mtupu, bila habari ndani yake.

Bi mkubwa alifariki mwanzoni mwa msimu wa korosho. Nilipata habari jioni, mazishi yakiwa yamekwisha, na asubuhi yake nikaenda. Kutoka Kisarawe mjini mpaka Masaki nilipanda bodaboda, vumbi lote langu. Mimi ni mtani, na mtani haendi msibani kama wageni wengine. Nilianzia nje ya ua kwa kupiga kelele kwamba nimekuja kuchukua urithi wangu. Nikaingia jikoni, nikanyang'anya mwiko, nikaonja mchuzi na kusema Wazaramo wamemfanyia marehemu wangu ubahili. Nikajifunga kanga yake, nikainama kama alivyoinama, nikatembea uani nikiita kuku kwa sauti yake, jinsi Mtani alivyozoea kutuigizia darasani. Wanawake walilia na kucheka kwa pamoja. Dada wa marehemu akanikumbatia, akaniambia asante mwanangu, tangu jana tulikuwa tumekauka.

Mtani alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, penye korosho zilizoanikwa. Alikuwa amekonda. Nikataka kumwanza, akainua mkono.

“Leo sema,” akaniambia.

“Niseme nini?”

“Kwamba sina cheti. Mtendaji yuko hapo turubaini, na wazee wote. Khitma ikishasomwa watasimama kunisifia, kwamba bi mkubwa kaondoka ameniona nimefaulu. Jana nilimshusha kaburini na uongo huo, mtani. Sitaki leo nao usomewe dua.”

Nikamuuliza kwa nini asiseme mwenyewe. Akasema yeye akisema atakuwa amemwaibisha marehemu mbele ya majirani zake waliompigia vigelegele. Mimi nikisema, watu watacheka kwanza, kisha watajua, na litakuwa limeisha bila mtu kuumia. Kazi ya mtani si ndiyo hiyo, akauliza. Aliuliza kwa unyenyekevu, na sikuwahi kumsikia hivyo. Nilimwambia sawa.

Wanawake hatukai turubaini kwa wanaume, lakini mtani haulizwi. Niliingia nikiwa na kanga ya marehemu kiunoni, nikavuta kiti cha baba mdogo wa Mtani, mzee wa familia, nikapanda juu yake. Wazee wakaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Nikasema huyu mtoto wenu mnayempa pole hana cheti. Nilikuwa naye Dar, tulikaa chumba kimoja cha mtihani. Mimi nilifaulu, yeye alifeli, akarudi hapa akala kuku wa mama yake kwa uongo.

Turubai zima liliangua kicheko. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa, akasema Wanyamwezi kwa wivu hawajambo. Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi. Nikaapa kwa jina la Mungu, nikaapa kwa kaburi la mama yangu, na mzee mmoja akalala kabisa kwenye mkeka akijishika mbavu. Nilieleza kila kitu, sura aliyoiruka, alama alizokosa, na kila nilipozidi kueleza ndivyo walivyosema huyu ndiye mtani hasa, huyu ndiye aliyefundwa. Sauti yangu ilikuwa imeanza kukatika, na hilo nalo likawachekesha. Mtendaji alifuta macho kwa kofia yake, akasema Mwalimu, mlete Jumatatu huyu mtani wako aone kwa macho yake unavyokabidhiwa kile chumba cha kompyuta, nakala itafuata.

Mtani alikuwa amefika, amesimama ukingoni mwa turubai, viganja vyake vimeshikana mbele. Alisubiri kicheko kiishe. Kilipopungua akasema, kwa sauti ya kawaida, “Anasema kweli. Nilifeli.”

Wakacheka upya, sasa kwa furaha. Baba mdogo akainuka, akamfuata, akamshika bega na kumwambia, “Alhamdulillahi. Tulidhani msiba umekumaliza, kumbe bado unaweza kutania.”